Kereng'ende Mwekundu na Sanda ya Ayeyo

Jambo hili ninawaficha wageni tu, maana wenyeji wa Garissa wote wanalijua, na wengine wanalijua kuliko mimi mwenyewe (wapo wanaosema nilikuwa nimeanza kunuka, na kuna mzee mmoja pale soko la mbuzi anayeapa kwamba aliniona nikiinuka bila kutumia mikono). Kwa hiyo ni afadhali niseme kwa mdomo wangu, aibu yote, mwanzo hadi mwisho. Ijumaa moja, jua likiwa katikati ya kichwa, msikiti mzima ulinifuata mtoni na jeneza la kubebea maiti, na maiti yenyewe ilikuwa mimi, na mimi wakati huo nilikuwa namngoja mdudu.

Naitwa Yusuf, ingawa ukifika mjini ukauliza kwa jina hilo hutanipata, na sababu utaiona mbele. Kazi yangu ni maji. Nina punda na mkokoteni wa mapipa, nachota mto Tana na kupeleka mitaa ambayo mifereji yake hukohoa hewa tu. Nilianza kazi hii nikiwa kidato cha kwanza, baba alipofariki katika ajali ya lori la mifugo na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nyuma yangu kulikuwa na wasichana watatu, na juu yetu alikuwa ayeyo, mama yake baba. Nilikunja sare yangu nikaiweka chini ya godoro, nikasema moyoni kwamba katika nyumba hii atakayeacha shule ni mmoja tu, na huyo ameshaacha. Sikuwahi kumwambia mtu, lakini ndilo neno ninaloamka nalo kila alfajiri ninapomfunga punda.

Sasa anayenifuata mimi ni Hodan, yuko kidato cha pili, naye anapenda wadudu. Hawakamati, hawabandiki kwenye karatasi, anawatazama tu na kuandika. Mwalimu wake wa sayansi alitangaza maonyesho ya wanafunzi Nairobi, akasema shule itapeleka mtu mmoja, na Hodan akachagua kuandika juu ya kereng'ende mwekundu wa mto Tana. Daftari lake lilijaa: wanachokula, wanavyotaga, watoto wao wanavyoishi majini kwanza kabla ya kuota mabawa. Kilichobaki kilikuwa picha, na mwalimu alitaka picha ya mdudu mwenyewe, akiwa hai, pale anapoishi, si ya kuokota mtandaoni, iwe mezani kwake Jumatatu asubuhi. Ayeyo hawezi kumruhusu msichana ashuke mtoni kwenye mamba, kwa hiyo kazi ya picha ikawa yangu, mimi ambaye picha nyingi nilizowahi kupiga ni za kidole changu.

Wiki nzima nilijaribu nikichota maji. Alhamisi jioni Hodan alichukua simu akatazama nilicholeta.

"Aboowe," akasema (ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa), "hii ni picha ya bua."

"Alikuwa hapo."

"Na hii?"

"Hapo pia alikuwa."

"Na hii ni sikio la punda."

Akafunga daftari lake polepole, akaweka kalamu juu yake. "Jumatatu siendi shule. Nitakuja kusukuma mkokoteni nawe. Pipa la nne linakutesa, nimeona."

"Utaenda."

"Niende kuonyesha mabua?"

Angelia ningejua la kufanya, lakini hakulia. Alisema kwa sauti kavu, na sauti ile niliifahamu, ilikuwa yangu, ya siku ile niliyokunja sare. Usiku huo nilihisi kama nyumba imeanza kuinama upande mmoja.

Kabla ya kulala alinirudia. "Ukienda mtoni unavaa nini?"

"Macawis yangu hii." Nilikuwa nimejifunga kikoi changu chekundu, ndicho cha kazi.

Ndipo akacheka kidogo. "Basi anakuona wewe ni dume mwenzake umekuja kumnyang'anya mahali pake. Kila dume ana bua lake, huondoka na kulirudia lilelile. Jifunge kitu cheupe, lala chini, usitikisike hata kidogo. Saa sita, jua likiwa kali kabisa, ndipo anapotulia."

Saa sita, Ijumaa. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, na naomba mniangalie vizuri maana yote yaliyofuata yalitoka hapo. Nilijiambia kwamba saa sita ya Ijumaa wanaume wote wako msikitini, mto hauna mtu, hakuna wa kumtisha kereng'ende. Nitapiga picha moja, nitavaa kanzu, nitaingia msikitini khutba ikiendelea, nitakaa safu ya mwisho, nani atajua. Kanzu yangu ya Ijumaa ilikuwa imepigwa pasi, sikutaka kuilaza kwenye matope, nikaikunja nikaiweka juu ya pipa. Nilihitaji kitu kingine cheupe.

Nyumbani kwetu kila kitu kina maua au mistari. Kitu cheupe nilikijua kimoja tu, kilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha ayeyo, na ayeyo alikuwa amekwenda kwa jirani aliyejifungua. Nilifungua. Kilikuwa kitambaa cha pamba, kirefu, hakijashonwa, kimekunjwa vizuri kama kitabu. Kilinuka kafuri. Mkono wangu ulisimama, kwa sababu harufu ile nilikuwa nimeinusa mara mbili ndani ya mwaka mmoja na nilijua ni wapi, ila nilikataa kukumbuka. Nikajiambia ni dawa ya nondo. Nikakitia kwapani nikatoka.

Mahali penyewe ni ng'ambo ya mashamba ya ndizi, pale ambapo mto ukifurika huacha maji nyuma yakawa kama bwawa, limezungukwa na matete. Nilimfunga punda kwenye mti wa mathenge juu ya ukingo, nikashuka. Adhana zilianza mjini, msikiti mmoja ukadakia mwingine, sauti zikapandana, halafu zikaisha moja moja kama mtu anayezima taa za nyumba. Baada ya hapo sikusikia kitu. Ndege walinyamaza. Hata punda, ambaye hunung'unika siku nzima kama ayeyo, alinyamaza. Kivuli changu kilikuwa kimejikunja chini ya miguu, hakionekani, na ayeyo hutuambia kwamba mtu asiye na kivuli mtoni asikae.

Nilimwona karibu na maji, mwekundu kama pilipili iliyoiva, mabawa ya kioo yenye dhahabu kidogo pale yanaposhikana na mwili, ameketi kwenye ncha ya bua. Nikalala chali, miguu ikielekea bua lile, nikajizungushia kitambaa kutoka kichwani hadi vidoleni (nzi wa pale wanauma), nikaacha tundu dogo ambalo simu ilichungulia juu ya kifua. Simu yangu haioni mbali, ni lazima kitu kiwe karibu. Nikangoja. Aliruka, akarudi, akaruka tena. Nikawa napumua kwa pua tu.

Ndipo nikasikia kitu kinaburutwa.

Kilikuwa upande wangu wa kulia, kwenye matope, kizito, kikivutwa kidogo kisha kinapumzika. Ikaja harufu ya samaki wa siku nyingi. Kikasimama karibu sana nami, nikasikia pumzi ikitolewa, ndefu, kama gurudumu la lori linapotoboka, na kitambaa kikaniingia mdomoni nilipovuta yangu. Nilianza Ayatul Kursi. Nilifika katikati nikajikuta nimerudi mwanzo, nikafika katikati nikarudi tena, aya niliyoijua tangu chuoni ikawa kama barabara inayozunguka kilima. Sikutikisika. Laiti ningeweza kusema ni ushujaa. Mwili ulikuwa umeshanikataa.

Kisha kutoka juu ya ukingo sauti ya mwanamke ikaita, "Waa ayo?" Yaani, ni nani wewe?

Hapa inabidi niwaeleze. Sisi ayeyo alitulea na sheria moja: ukiitwa mahali pa upweke, saa sita ya jua, na humwoni anayeita, usiitike ya kwanza wala ya pili, kwa sababu majini huita mara mbili tu. Binadamu ataita ya tatu. Basi nikanyamaza.

"Waa ayo?" sauti ikarudia, chini zaidi, ikitetemeka.

Nikangoja ya tatu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuitikia. Haikuja. Badala yake nilisikia miguu ikikimbia na mbuzi wengi wakilia, halafu kile kitu cha kulia kwangu kikaburutwa tena, na maji yakakipokea taratibu, bila hata kupiga kishindo.

Mtu mwenye akili angeinuka. Mimi nilijiambia kwamba jini ameita, amekosa jibu, ameondoka, na nikiinuka sasa kereng'ende atakimbia na Jumatatu Hodan atakuwa anasukuma pipa la nne. (Huo ni ukweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba miguu haikuwa yangu.) Jua lilinikalia. Kitambaa kilikuwa moto, kafuri ikaingia kichwani, na sijui kama nilisinzia au nilizimia, najua tu kwamba kuna muda umepotea hapo na hakuna aliyewahi kunirudishia.

Kilichoniamsha ni mnong'ono, wa watu wengi, wa pamoja. "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un."

Nikatazama kwa tundu langu dogo. Nyuma ya matete, juu, walikuwa wamesimama watu wa mavazi meupe, safu nzima, jua likiwa mgongoni mwao kiasi kwamba hawakuwa na nyuso. Nikasema moyoni, basi, Yusuf, umekufa. Na mtu husema ukifa utakumbuka dhambi zako, au shahada, au mama yako. Mimi nilifikiria Jumatatu.

Na hapo hapo akaja. Akashuka kutoka kusikojulikana, akakaa juu ya kidole gumba cha mguu wangu, pale kitambaa kilipochongoka, mwekundu juu ya weupe, akatandaza mabawa, akatulia kana kwamba ametumwa. Nikabonyeza.

Simu ikafanya "kacha".

Mnong'ono ukakatika. Kisha sauti moja, ambayo baadaye nilijua ilikuwa ya Dekow, rafiki yangu wa tuktuk, ikasema taratibu kabisa, "Maiti imepiga picha."

Nilitaka ya pili, ya kwanza ikiharibika niwe na akiba. Kwa hiyo nikasema, kwa sauti iliyokauka kwa kiu, neno ambalo litanifuata hadi kaburini, "Msitikisike."

Wajameni, walitikisika. Nilisikia jeneza likianguka. Nilisikia watu wazima, wenye ndevu za hina, wakiita mama zao. Matete yalivunjika, mtu alikanyaga mtu, punda wangu akakata kamba akakimbia nao, na kwa sekunde chache Garissa yote ilikuwa inapanda ukingo. Nikaketi, nikajifunua kichwa, na waliobakia kidogo nyuma, waliponiona nimeketi, wakakimbia zaidi.

Aliyebaki ni sheikh, kwa sababu ana magoti mabaya. Alikuwa ameninyooshea bakora yake na midomo inasoma. Alipomaliza aliuliza, "Wewe ni mtu au ni jini?"

"Ni Yusuf wa maji, sheikh."

"Yusuf wa maji hakuonekana msikitini leo."

"Nilikuwa nakuja."

"Umevaa hivyo?"

Nikajitazama. Ni hapo, jua lote likiniangalia, nilipokubali kuona nilichokuwa nimejifunga. Ilikuwa sanda. Sanda ya ayeyo, aliyoletewa kutoka Makka ikiwa imechovywa maji ya Zamzam, aliyoiweka miaka yote ile pamoja na kafuri yake ili siku yake ikifika asimsumbue mtu.

Sheikh akasogea hatua mbili, akatazama chini upande wangu wa kulia, na uso wake ukabadilika. "Nyoosha mkono wako wa kulia," akasema. Nikanyoosha. Vidole vyangu vikaingia kwenye mfereji laini uliochimbwa na tumbo la kitu kizito, ukiwa na alama za kucha pande zote mbili. Ulikuwa bado na maji. Ulianzia bwawani, ukafika usawa wa bega langu, ukageuka.

"Eedo Kaltuma alikuja kunywesha mbuzi," sheikh akasema. "Akaona maiti ndani ya sanda na mamba amelala kando yake. Akaita mara mbili, maiti haikujibu. Akatujia mlangoni tukitoa salamu ya mwisho, ikabidi tuje mbio kabla mamba hajarudi kuichukua. Mbona hukujibu?"

"Nilingoja aite ya tatu."

Kutoka nyuma ya mathenge kichwa cha Eedo Kaltuma kikatokea, mama wa makamo (eedo ni shangazi, ndivyo tunavyomwita wote), bado na fimbo yake ya mbuzi. "Nani ataita mara tatu mahali kama hapa?" akasema kwa hasira. "Mimi nilifundishwa mara ya tatu jini ndiye huitikia."

Watu walianza kurudi, mmoja mmoja, kwanza kuokota makubadhi, halafu kucheka. Dekow alikuja akanishika mkono akaupima joto. "Marehemu," akasema, "umefufuka lini? Tulikuwa tumeshakugawia kaburi lenye kivuli." Na mimi ningecheka nao, nilikuwa naanza kucheka, ila nikamwona anayekuja kwenye njia ya mashamba ya ndizi.

Watu walikuwa wamemtambua punda kabla ya kunitambua mimi, na habari ilimfikia ayeyo kwa jirani: punda ni wa Yusuf, na chini kuna maiti. Alikuja bila viatu, kipande chote kile cha mchanga unaochoma. Wanaume wakampisha. Hakunitazama usoni. Alishika pindo la kitambaa, akalinusa, akaketi kwenye matope.

"Nilimzika mwanangu," akasema kwa utulivu, "nikamzika na mkewe. Leo nimetembea kutoka kwa jirani nikijua wewe ni wa tatu. Na njiani nilikuwa nafikiria sanda iko wapi, duka gani liko wazi Ijumaa. Nikasema basi, nitampa yangu."

Hakuna aliyecheka tena. Dekow alitazama pembeni. Mimi nilikuwa nimeketi mbele yake ndani ya kitu chenyewe alichokuwa ameamua kunipa, na sikujua niweke wapi mikono.

"Ayeyo," nikasema, "ilikuwa picha ya Hodan. Alisema hataenda shule."

Akapangusa matope kwenye pindo la kitambaa. Kisha akanyoosha mkono. "Picha iko wapi?"

Nikampa simu. Macho yake hayaoni vizuri, akaisogeza karibu, akaiweka mbali. "Ni mzuri," akasema mwisho. "Sasa vua nguo yangu."

Jumatatu Hodan alikwenda shule. Mwalimu aliitazama ile picha hadi kengele ikalia, akauliza jambo moja tu, ule weupe ulio chini ya mdudu ni nini, Hodan akamjibu ni pamba, na hakusema uongo. Akasifu pia ndege weupe walio nyuma, wasioonekana vizuri, walivyosimama kwa mstari, akadhani ni yangeyange. Hodan akasema ndiyo, mwalimu, siku hiyo walikuwa wengi. Ndiye aliyechaguliwa kwenda Nairobi. Ile picha iko ukutani kwetu sasa, na ukiitazama sana utaona mmoja kati ya wale weupe hayuko juu ya ukingo na wenzake, amesimama ndani ya maji, karibu nami. Nimewauliza wote, hakuna aliyekubali kwamba alishuka majini. Hodan anasema huyo mmoja ni ndege wa kweli. Inawezekana.

Sanda niliifua mara tatu kwa mkono wangu, sikumwachia msichana yeyote. Harufu ya mto ilitoka, doa la matope upande wa miguu likakataa. Nilimwambia ayeyo nitamtafutia nyingine, yenye Zamzam yake, akakataa, akaikunja tena kama kitabu akairudisha kwenye sanduku la bati. "Doa likae miguuni," akasema. "Na wewe siku yangu utashika upande wa kichwa. Usichelewe."

Sichelewi. Ijumaa ninafika adhana haijaanza, nakaa safu ya kwanza nyuma ya sheikh, ambaye huwa anageuka kidogo kuhakikisha. Sijalala chini mahali popote penye matete tangu siku ile, na kitu cheupe sikijifungi isipokuwa kanzu. Na nikiwa mtoni nachota maji, mtu akaniita kutoka juu ya ukingo, awe nani, hata jua likiwa kichwani, hata akiniita kwa jina walilonipa mjini, "Marehemu, ee Marehemu", mimi naitika ya kwanza.